Kisiki Chini ya Tumbo: Juu ya Wanyama wa Kaure wa Dresden

Msomaji aliyezoea kukuta humu mashairi, tenzi na hadithi huenda akauliza sanamu za udongo zina haja gani katika jarida la fasihi. Jibu langu ni kwamba swali ninalotaka kulitazama ni letu hasa, ila limepata kujibiwa mahali pengine kwa mikono na moto, tena kwa uwazi ambao maneno hayatupi kwa urahisi. Swali lenyewe ni hili: sheria ya kazi inapomlazimisha msanii kutia kitu ambacho hakukitaka, je, kitu hicho hakina budi kuwa aibu ya kazi, au chaweza kuwa roho yake? Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, na hata kabla ya hapo, tumegombana juu ya vina na mizani kana kwamba hapana sanaa nyingine duniani iliyowahi kufungwa na kanuni. Walakini iko sanaa moja ambayo kanuni yake haikuandikwa na mtu, wala haiwezi kufutwa na mtu, nayo ni kufinyanga mnyama mkubwa wa mwituni kwa udongo na kumpitisha motoni. Mshairi aweza kumkaidi mhakiki wake. Mfinyanzi hawezi kulikaidi joko.

Katika jumba la makumbusho la Zwinger, mjini Dresden, nchini Ujerumani, wamepangwa simba, kifaru, tumbusi, korongo, nyani na mbuzi, wote wa kaure nyeupe, na baadhi yao kwa kimo kinachokaribia kimo cha mnyama mwenyewe. Hawakutengenezwa kwa ajili ya jumba hilo. Waliagizwa na Augustus, aliyepewa jina la Mwenye Nguvu, Mteule wa Saxony na Mfalme wa Poland, ili wapambe kasri lake jingine mjini humo lililoitwa Kasri la Kijapani. Mtu huyu aliipenda kaure kwa mapenzi ambayo mwenyewe aliyaita ugonjwa. Mwaka 1717 alimpa Mfalme wa Prussia askari wa farasi 600, akapokea badala yao vyombo 151 vya kaure. Msomaji na apime mwenyewe biashara hiyo. Mimi nitasema tu kwamba historia haijaandika majina ya wale askari, lakini baadhi ya vyombo vile vingali vinaitwa mpaka leo kwa jina la kikosi chao.

Kabla ya wakati huo kaure njema ilitoka Mashariki ya Mbali peke yake, na watu wa pwani yetu waliijua zamani kabla ya wakuu wengi wa Ulaya, kama vigae vya Gedi na makaburi ya Kunduchi yanavyoshuhudia. Siri yake iligunduliwa Saxony mwaka 1708 na Johann Friedrich Böttger, aliyewekwa chini ya ulinzi wa mfalme kwa kudaiwa kwamba aweza kufanya dhahabu, akisaidiwa na elimu ya Ehrenfried Walther von Tschirnhaus. Mwaka 1710 karakana ya kifalme ikafunguliwa Meissen, ndani ya ngome juu ya mto Elbe. Miaka 20 tu baadaye, wakati mafundi walikuwa bado wanajifunza kuchoma sahani na mabuli bila ya kupindika, mfalme aliwaagiza mamia ya wanyama na ndege wakubwa. Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Hatuna budi kwanza kufahamu tabia ya udongo wenyewe, maana bila ya hayo hukumu yoyote itakuwa ya kubahatisha. Kaure hufanywa kwa udongo mweupe laini uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, na huchomwa kwa moto unaofikia nyuzi 1,400 hivi za Sentigredi. Katika moto huo mambo mawili hutukia. La kwanza, kazi husinyaa kwa kiasi cha sehemu moja ya sita ya ukubwa wake, wala haisinyai sawasawa, kwani penye unene na penye wembamba hapaendi kwa mwendo mmoja. La pili, na ndilo baya zaidi, kaure inapokaribia kuiva hulegea mithili ya nta juani. Mnyama aliyesimama kwa miguu minne myembamba, huku kiwiliwili kizito kikining'inia juu yake, katika saa hiyo hutamani kulala. Magoti huinama, tumbo hushuka, shingo hupasuka. Kwa hiyo mfinyanzi wa kaure humwekea mnyama kitu cha kumtegemeza chini ya tumbo: kisiki, jiwe, kichaka, au kichuguu cha majani. Mchongaji wa shaba hana shida hiyo, wala mchongaji wa mpingo haijui. Ni kodi inayotozwa na kaure, na kila mtu hulipa.

Sasa, kisiki hicho ndicho nataka tukitazame. Watazamaji wengi hawakioni kabisa. Humtazama mnyama, wakasema amefanana au hakufanana, wakapita. Nathubutu kusema kwamba wamepita mbele ya sehemu ambayo ubora wa fundi ungeweza kupimwa kwa hakika kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mafundi wakubwa wa kazi hii walikuwa wawili, na walikuwa rika moja. Wa kwanza ni Johann Gottlieb Kirchner, aliyeajiriwa Meissen mwaka 1727, akaachishwa mwaka uliofuata, akarudishwa mwaka 1730, na akaondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1733. Wa pili ni Johann Joachim Kändler, aliyezaliwa mwaka 1706, akaingia karakanani mwaka 1731, na asitoke mpaka kufa kwake mwaka 1775. Ni desturi ya waandishi kumsifu Kändler na kumdharau Kirchner, na sababu wanayoitoa ni kwamba Kändler alikwenda kuwatazama wanyama wenyewe. Ni kweli alikwenda. Aliwachora waliokuwa hai katika bustani ya wanyama ya mfalme huko Moritzburg, na waliokaushwa katika hazina za Dresden. Mfalme naye hakuwa mvivu, kwani mwaka 1731 alimtuma tabibu Johann Ernst Hebenstreit pamoja na wenziwe mpaka Afrika ya Kaskazini kukusanya wanyama na vitu vya tabia ya nchi. Lakini kabla msafara haujarudi mfalme alikwisha kufa, mwezi Februari mwaka 1733.

Sababu hiyo ya waandishi mimi naiona pungufu, na kifaru wa Kirchner ndiye shahidi wangu. Kirchner hakumwona kifaru. Alimfuata kifaru wa Albrecht Dürer aliyechapwa kwa mbao mwaka 1515. Na Dürer naye hakumwona, bali alisoma barua na kutazama mchoro mdogo uliotoka Lisbon, ambako mnyama huyo aliletwa kutoka India kama zawadi kwa Mfalme wa Ureno. Kifaru mwenyewe alizama baharini mwaka 1516 alipokuwa anapelekwa kwa Papa. Basi kazi ya Kirchner ni uvumi uliofuata uvumi kwa zaidi ya miaka 200. Ana pembe ya ziada juu ya mabega, ambayo hapana kifaru aliyepata kuwa nayo. Ngozi yake imegawanyika kama bamba za vita. Miguu ina magamba. Mwindaji wa Kitanganyika angecheka.

Hata hivyo, nimwangaliapo kifaru huyo namwona amesimama imara kuliko simba wa mkono ule ule. Sababu yake haimo katika elimu ya wanyama, imo katika udongo. Mnyama wa Dürer, kwa uongo wake wote, ni mnyama aliyekwisha kufinyangwa: mwili wake ni mzito na umekusanyika, miguu ni minene, na bamba zile za ngozi zinampa fundi mahali pa kuficha viungo ambapo vipande vilivyotoka katika kalibu mbalimbali vilishikanishwa. Uvumi ulikuwa umemgeuza kuwa chombo. Jambo kama hilo si geni kwetu. Twiga aliyepelekwa China na wajumbe wa Malindi mwaka 1415 alipokewa huko kama mnyama mtakatifu wa hadithi za kale, na walioandika habari zake walimwona kwa macho ya maandishi yao. Ila Wachina walikuwa naye mbele yao. Kirchner alikuwa na karatasi tu.

Simba wake, kinyume cha kifaru, ana kasoro nyingine. Uso ni wa mtu. Macho yana majonzi, kinywa kimetulia kama cha mzee aliyedhulumiwa shamba lake, na manyoya ya shingo yamepangwa kama nywele za bandia za watu wa baraza la mfalme. Wako wanaoupenda uso huo, na kwa hakika una mvuto wake. Lakini ni mvuto wa ngano ambayo mnyama amekopeshwa moyo wa binadamu ili atufundishe kitu. Akiisha kutufundisha hana kazi nyingine. Simba huyu hajui njaa.

Sasa tumtazame Kändler. Mchukue korongo wake. Hapana kiumbe kisichofaa kwa kaure kuliko korongo: miguu miwili kama vijiti, shingo ndefu, na mwili wote umewekwa juu kabisa ambapo haukutakiwa. Fundi wa kawaida angempa nguzo nyuma ya miguu na kutuomba radhi. Kändler alimzungushia miguu matete na majani ya bwawani. Matete ndiyo yanayobeba uzito motoni. Bila ya hayo ndege angeanguka. Lakini korongo hukaa wapi, kama si katika matete? Huko ndiko anakovua, huko ndiko anakojificha. Kitu kilichodaiwa na joko na kitu kilichodaiwa na ndege vimekuwa kitu kimoja, hata mtazamaji hawezi kusema wapi haja ya moto imekwisha na wapi maisha ya ndege yameanza.

Vivyo hivyo kwa ndege wake wakubwa wakaao juu ya magogo. Kisiki ambacho chini ya tumbo la mnyama wa miguu minne ni fedheha, kwa sababu hapana mnyama anayesimama mwituni na gogo limemchoma tumbo, chini ya makucha ya ndege ni kiti chake cha haki. Nadhani hii ndiyo sababu iliyomfanya Kändler awe bora katika ndege kuliko katika wanyama wa nchi kavu. Si kwamba aliwapenda zaidi, bali sheria ya udongo na desturi ya ndege zilikuwa tayari zimepatana, naye alikuwa na akili ya kuliona patano hilo.

Na pale ambapo patano halikuwapo alilitafuta. Mwaka 1732 alimfinyanga mbuzi jike akimnyonyesha mwanawe. Mbuzi si mnyama wa mwituni, nakiri, lakini sanamu hii haiwezi kuachwa, kwani ndiyo iliyo kamili kuliko zote. Amemlaza. Jambo dogo namna hiyo! Mbuzi aliyelala hahitaji kisiki. Tumbo lake mwenyewe ndilo msingi, uzito unashuka chini pasipo kumwonea mguu wowote. Wala hakulala kwa kuwa fundi ameshindwa kumsimamisha: amelala kwa sababu ana mtoto, na mtoto ananyonya. Ukimwuliza Kändler kwa nini mbuzi amelala, ana majibu mawili, moja la joko na moja la mama, na yote mawili ni ya kweli.

Naomba sasa nirudi nyumbani. Mshairi wetu akifika mwisho wa kipande naye amepungukiwa na mizani mbili, hutia "jama", au "ati", au neno lolote lililo karibu, kisha huendelea na safari. Hicho ni kisiki chini ya tumbo. Mhakiki wa upande mmoja husema: mizani imetimia, shairi ni zima. Yule wa upande wa pili husema: tazameni takataka inayoletwa na mizani, tuziondoe mizani. Wote wawili wamemtazama mnyama wasikitazame kisiki. Wa kwanza anaridhika kwamba sanamu haikuanguka. Wa pili anadhani kwamba kisiki kikiondolewa mnyama atatembea. Swali la haki ni jingine: je, "jama" hiyo ni sauti ya nani? Ikiwa msemaji wa shairi ni mtu aliyezidiwa, anayewaita watu wamsaidie, "jama" yake ni matete ya korongo. Mizani iliidai, na dhiki yake iliidai pia. Ikiwa ni mtu anayeeleza bei ya pamba, basi ni gogo, na sheria haina kosa katika hilo, kosa ni la mshairi ambaye hakumtafutia mnyama wake mahali pa kukaa.

Atatokea mtu aseme kwamba kwa hoja hii namtetea kila mwenye amri, maana mfinyanzi wa Meissen hakuagizwa na moto tu, aliagizwa na mfalme. Hoja hiyo ni nzito, nami siikwepi. Lazima tutenganishe amri mbili. Udongo ulidai mnyama ategemezwe. Dai hilo limo katika asili ya kazi, na kazi bora zimezaliwa nalo. Mfalme alidai mnyama awe mkubwa kama alivyo porini, na dai hilo halikutoka katika udongo wala katika mnyama, lilitoka katika fahari ya nyumba yake. Malipo yake yanaonekana kwa macho. Nyingi za sanamu kubwa zimepasuka motoni: nyufa zinapita ubavuni na vifuani, nyingine pana hata kuingia ukucha, na zilikubaliwa hivyo hivyo kwa kuwa kuzichoma upya kusingaliziponya. Wako wanaoziita nyufa hizo uzuri. Mimi naziona ni alama za mahali ambapo mwenye nyumba aliomba kitu ambacho kaure haina. Kasri lenyewe halikupata kukamilika kama lilivyokusudiwa. Kändler naye hakujifunza mara moja. Katika miaka ya 1750 aliingia katika kazi ya sanamu kubwa kupita kiasi ya mfalme aliyefuata, Augustus wa Tatu, akiwa juu ya farasi, na Vita vya Miaka Saba vilivyoanza mwaka 1756 vikaikatiza. Mfano wake mdogo ndio uliobaki.

Kwetu kuna vinyago vya udongo ambavyo haviombi ukubwa hata kidogo. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya vinyago vilivyotumiwa katika unyago wa baadhi ya makabila ya Tanganyika. Miongoni mwavyo wamo wanyama, nao hawajaribu sana kufanana na wanyama wa mwituni. Si kwamba wafinyanzi hawakuwajua. Waliwajua kuliko Kirchner mara elfu. Ila kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na mambo ambayo udongo haukuyasema yalisemwa na wimbo. Huo ni utegemezi wa namna ya pekee kabisa: mnyama anasimama juu ya maneno. Ndiyo maana kinyago kilichowekwa kabatini pasipo wimbo wake huonekana kiduchu na cha kitoto, na mtazamaji mgeni hukihukumu ufundi kwa kosa lisilokuwa lake. Ningependa wanafunzi wetu wanaokusanya nyimbo za unyago wasizikusanye peke yake.

Tena yupo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambaye katika Al-Inkishafi alizitazama nyumba za Pate zilizokwisha kuanguka, na vidaka vyake vilivyokuwa vya vyombo vya thamani, akaona makinda ya ndege wa porini yamelala humo. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Mfalme wa Saxony alifanya juhudi ya kuwageuza ndege kuwa kaure apate kuwaweka ndani. Na huku kwetu kaure ilitoka, ndege wenyewe wakaingia. Mshairi hakuhitaji kuwaeleza ndege hao kwa manyoya wala kwa rangi. Kidaka kinatosha, kwa kuwa kidaka ndicho matete yao.

Limebaki jambo moja, nalo linaipunguzia nguvu hukumu yangu mwenyewe. Nimezungumza juu ya wanyama weupe, na weupe huo ndio unaowapa utulivu mbele ya macho yetu. Lakini wengi wao hawakukusudiwa kuwa weupe. Kwa kuwa kuwarudisha motoni kwa ajili ya rangi za joko kungaliwavunja, walipakwa rangi za mafuta zisizochomwa. Rangi hizo zikabanduka na kuchakaa, na baadaye zikaondolewa. Korongo ninayemsifu alipata kuwa na rangi ya korongo, na matete yake kijani. Ukiwakaribia baadhi yao, ndani ya mikunjo ya ngozi na katika mizizi ya manyoya ambako kitambaa cha msafishaji hakikufika, ingalipo bado rangi kidogo, hudhurungi au nyekundu iliyofifia.